Kabla hujaezeka: mambo ya kuangalia ndio upepo usikuezulie nyumba

Bati la kwanza tulilipata limekwama kwa fensi ya jirani, kama mita 60 hivi kutoka kwa nyumba, na kilichonishtua sio umbali, ni misumari. Ilikuwa bado imo kwenye bati, yote 6, imenyooka vizuri kabisa kama imetoka hadwea asubuhi hiyo. Hapo ni kwa shangazi yangu Ruai, pembeni mwa Nairobi, vyumba vitatu na sebule, upepo ulikuja jioni mwezi wa tatu kabla mvua ndefu kuanza, haukumaliza hata dakika 15, ukaezua upande wote wa nyuma. Kwa kuliangalia haraka, bati lenyewe halikuwa limepasuka. Kilichoshindwa ni mbao, misumari iling'oka kama jino la mtoto linavyong'oka, bila hata kupinda.

Shangazi alikuwa anarudia tu, "Lakini mwanangu, nilinunua ya bei." Na ni kweli alinunua, geji 28, rangi ya marun, hakubana pesa hapo. Ndio maana nikiona mtu ako na mjengo Joska ama Kitengela ama Syokimau, anauliza achukue mabati gani, boksi profaili au ya changarawe au vigae, roho yangu inauma kidogo ju swali la kwanza linafaa liwe lingine: hilo paa litashikwa na nini?

Kabla mtu aniambie Nairobi hatuna vimbunga, hilo najua. Tuko kama digrii moja tu kusini ya ikweta, na vimbunga vikubwa vya baharini kwa kawaida haviundiki karibu na ikweta, chini ya digrii 5 hivi, ju ule mzunguko wa dunia unaosaidia upepo kujikunja hauna nguvu huku, alafu sisi tuko ndani ya bara, mita 1,700 juu ya bahari. Lakini majirani wetu wanavipata. Idai kilipiga mji wa Beira kule Msumbiji Machi 2019, Kenneth kikafuata Aprili mwaka huo huo kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, Hidaya kikafika pwani ya Tanzania upande wa Mafia Mei 2024 kikiwa kimeshapungua nguvu, na Desemba 14 mwaka huo huo Chido kikapita juu ya Mayotte, kisiwa cha Wafaransa karibu na Komoro, na upepo wa zaidi ya km 200 kwa saa, mitaa ya mabati kwenye milima ya mji wake wa Mamoudzou ikalala chini. Sisi tunapata ule upepo wa ghafla unaokuja mbele ya mvua ya radi, na watu wa hali ya hewa pale Dagoretti Corner hutoa tahadhari upepo ukitarajiwa kupita nots 25, yaani km 46 kwa saa, na karibu kila mara wanataja kwamba mapaa yanaweza kung'oka. Sasa nchi zenye vimbunga zimeshajaribiwa kila aina ya paa mpaka mwisho wake. Kilichobaki juu kule, huku kwetu kitakaa bila wasiwasi, na kilichoshindwa kule ndicho hicho kilishindwa kwa shangazi, ni vile tu kwake kilishindwa na upepo mdogo.

Kitu cha kwanza cha kuelewa, na bila hiki mengine yote hayana maana, ni kwamba upepo hausukumi paa chini, unalivuta juu. Ukipita kwa kasi juu ya paa unaacha mvutano kama mtu anayefyonza, na kama kuna mlango au dirisha limefunguka upande unakotoka upepo basi hewa inaingia ndani na kusukuma paa kutoka chini pia. Piga hesabu hii. Bati la geji 30, unene kama milimita 0.3, lina uzito wa karibu kilo 2 na nusu kwa mita moja ya mraba. Upepo wa hizo nots 25 una nguvu ya karibu kilo 10 kwa hiyo mita moja. Umeona? Uzito wa bati haujawahi kushikilia chochote hata siku moja. Na nguvu ya upepo haipandi polepole, kasi ikiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne, kasi mara tatu nguvu mara tisa, kwa hiyo ukifika km 217 kwa saa unaongea kuhusu kilo zaidi ya 220 kwa kila mita ya mraba, na kwenye kona na kandokando ya paa ni zaidi ya hapo. Kona ndio huanza. Kwa shangazi ilianza kona ya jikoni, tulijua ju pale ndio bati lilikunjika kama ukurasa wa kitabu.

Hiyo 217 sikuitoa hewani. Usiku wa kuamkia Krismasi 1974 mji wa Darwin kule Australia ulipigwa na kimbunga Tracy, na kipimo cha upepo pale uwanja wa ndege kilirekodi km 217 alafu kikaharibika. Nyumba nyingi za mji huo zilikuwa na mabati kama yetu. Miaka mitatu kabla ya hapo, mji mwingine wa Australia, Townsville, ulikuwa umepigwa na kimbunga Althea na misumari ikang'oka kwa mbao, shida ile ile ya Ruai, kwa hiyo watu walikuwa wamejifunza kutumia skrubu badala ya msumari. Skrubu zilikaa. Lakini bati likatoka! Mainjinia walipookota mabati wakakuta nyufa ndogo zimezunguka kila shimo la skrubu, kama nyota, ju upepo wa kimbunga hauvuti mara moja, unavuta na kuachilia, unavuta na kuachilia, maelfu ya mara kwa usiku mmoja, na chuma chembamba kikikunjwa hivyo mahali pamoja kinachoka. Chukua waya ya kufungia uikunje huku na huku uone. Ufa unatambaa mpaka kichwa cha skrubu kinapita katikati ya bati na bati linaenda. Baada ya hapo Waaustralia wakaanza kupima mabati kwa kuyavuta mara maelfu, sio mara moja, na wakaleta washa pana za chuma, vile vibati vyenye tundu katikati, za kuweka chini ya kichwa cha skrubu ndio nguvu isambae isikae pahali padogo.

Mimi nikasoma hiyo kitu nikarudi kwa lile bati la shangazi tukaliangalia vizuri kwenye jua. Mashimo matatu ya kando yalikuwa yameshakuwa marefu, kama tundu la kifungo cha koti, na moja lilikuwa na ufa wa karibu sentimita moja. Kumbe hata mbao isingeachilia, lile bati lilikuwa na miaka yake michache tu.

Kwa hiyo ukienda kununua mabati, ya kwanza ni geji, na kumbuka namba ikipanda bati linakuwa jembamba: 32 ni jembamba kuliko 30, 30 kuliko 28. Geji 32 mimi singeweka kwa nyumba ya kulala watu maeneo ya wazi kama Kitengela, weka kwa kibanda cha kuku. Usiamini stika peke yake, beba kipimo ama angalau linganisha kipande na kipande, ju kuna mabati yanauzwa kama 30 na ukiyashika unasikia yanalia kama karatasi. Ya pili ni kinachoshika. Msumari wa mabati uwe ule uliosokotwa, sio laini, Wamarekani wamepima na kukuta msumari wenye pete pete kwenye shina karibu unaongeza mara mbili nguvu ya kushika mbao. Skrubu zenye raba nzuri ni bora zaidi, na uongeze washa pana kwenye kona na kando. Ya tatu ni idadi. Kwenye mabati ya mawimbi, kando zote za paa, chini, juu kwenye mgongo na pale pembeni, piga kila wimbi la pili, katikati unaweza kwenda kila wimbi la tatu. Fundi atakwambia hiyo ni misumari mingi. Ndio, ni mingi, na ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye paa lako.

Mabati ya changarawe, yale yanafanana na vigae, yanafanya vizuri kwa upepo yakipigwa sawasawa, ju vipande ni vifupi na kila kimoja kinapigiliwa kwa upande wa mbele, upepo unakosa pa kushika. Yakipigwa na fundi wa haraka anayeruka misumari hayana tofauti na mengine, isipokuwa umelipa zaidi.

Vigae vya saruji watu wanaviamini kwa sababu ya uzito, kilo 40 na zaidi kwa mita ya mraba, na kwa upepo wa Nairobi kweli uzito unasaidia. Lakini Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipopita kusini mwa Florida, vigae vilitoka kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikawa kombora la kuvunja dirisha la jirani na vigae vya nyumba inayofuata. Kwa hiyo usikubali vigae vilivyowekwa tu vikaachwa vikae kwa uzito wao, angalau kando na mgongoni vipigiliwe au vishikwe na saruji nzuri, na kenchi ziwe zimepigiwa hesabu ya huo uzito tangu mwanzo, sio uamue kubadilisha kutoka mabati kwenda vigae wakati mbao zishapanda.

Shingeli, zile karatasi ngumu za lami zenye vipande vipande, siku hizi zinaonekana sana Karen na Runda. Za daraja la juu zimepimwa mpaka km 240 kwa saa, lakini siri yake iko kwa ule mstari wa gundi chini ya kila kipande, na gundi hiyo inashika ikipata joto la jua. Ukiezeka Julai, ile baridi ya Nairobi ya wingu wiki nzima, na upepo uje kabla gundi haijashika, vipande vitainuka, kwa hiyo ama ungoje jua ama fundi aweke gundi ya mkono. Na kadri zinavyozeeka gundi inaachilia pole pole bila wewe kuona kutoka chini.

Slabu ya zege ndio mfalme. Puerto Rico 2017 wakati wa kimbunga Maria, nyumba za zege zilibaki na paa zao na za mbao na mabati zikabaki kuta tu. Na kuna kisiwa kinaitwa Bermuda ambacho mimi nakipenda kwa hii habari: wanaezeka kwa mawe ya chokaa yaliyochongwa kama vidato vya ngazi, juu wanapaka nyeupe, ni mazito mno na yameshikana na ukuta kama kitu kimoja, vimbunga vinapita vinayaacha, na hilo paa ndilo linalokinga maji ya mvua yanaenda kwa tangi chini ya nyumba, na sheria yao inataka hivyo. Sisi ambao bomba la maji linakuja siku mbili kwa wiki tungeelewana nao haraka. Shida yetu na slabu ni kile tunachoweka juu yake. Flati nyingi za Pipeline na Kayole zina slabu imara alafu juu kuna kibanda cha mabati cha kuanikia nguo na matangi ya plastiki yanasimama bila kufungwa. Tangi tupu ni puto. Likiwa na maji haliendi popote, likiwa tupu upepo unaliviringisha mpaka barabarani kwa watu, kwa hiyo lifungwe, na kukiwa na tahadhari lijazwe.

Sasa turudi kwa mbao, ju hapa ndio nyumba nyingi Nairobi zinapotea na hakuna anayepaona ukishapiga silingi. Zile mbao za kulala ambazo mabati yanapigiliwa, mafundi wanaziita palini, zikae sentimita 90 kutoka moja hadi nyingine, na karibu na kando ziwe 60, sio mita moja na zaidi kama wengine wanavyofanya ili kuokoa mbao mbili. Na mbao iwe kavu. Tulipokuwa tunarudisha paa la shangazi, saipras ilikuja ikiwa nzito, ukiipiga ukucha inatoa unyevu, nikamuuliza fundi akasema, "Itakaukia hapo juu tu madam." Nilikataa, na alikasirika kidogo, lakini mbao mbichi ikikauka inasinyaa na kuachana na msumari, na hiyo ndiyo ilifanya misumari ile 6 itoke imenyooka. Tulingoja wiki tatu mbao zikiwa zimepangwa kivulini na vijiti katikati hewa ipite. Wiki tatu sio kitu.

Palini inashikwa na kenchi, kenchi inashikwa na mbao ya juu ya ukuta, mbao ya ukuta inashikwa na nini? Uliza hilo swali ukiwa saiti. Mara nyingi jibu ni misumari miwili ya kuchomeka upande. Kinachotakiwa ni hupaini, ule ukanda wa chuma, uingizwe ndani ya ukuta wakati mawe ya mwisho yanajengwa, angalau kozi tatu chini, ama ushikwe kwenye ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya ukuta, alafu uzungushwe juu ya kenchi na kupigiliwa pande zote mbili, kila kenchi, sio moja moja. Ukishamaliza ukuta bila kuuweka ni kazi kubwa kurudi nyuma, ndio maana nasema kabla. Florida baada ya Andrew walikuta mbao za paa zilizopigwa misumari ikakosa kenchi kabisa, imepita hewani, na nyingine zimeshikwa na pini tu. Wakabadilisha sheria za ujenzi, na leo Miami nyumba ya kawaida inapigiwa hesabu ya upepo wa maili 175 kwa saa, yaani karibu km 280, na kila kiungo kutoka paa mpaka msingi kina chuma chake cha kushikilia.

Umbo nalo lina maneno. Paa la pande nne linashinda la pande mbili, ju ule ukuta wa pembetatu wa pembeni unapigwa na upepo kama tanga la mashua. Mteremko wa nyuzi 30 hivi ni mzuri, paa la kulala sana linavutwa zaidi. Hii fashoni ya paa la kuficha, ukuta umepanda na bati limelala nyuma yake, ukuta ule unasaidia kukinga kona, lakini gata ya ndani ikiziba na mvua ya mawe maji yanaingia sebuleni, na kwa sababu bati halionekani mafundi wengi wanaweka lile jembamba kabisa. Kataa. Mabawa ya paa yasitoke zaidi ya nusu mita, na veranda ijengwe na paa lake peke yake lililoachana na la nyumba, ndio ikienda iende yenyewe. Kwa shangazi veranda ilikuwa imeungana na paa kubwa, ikashikwa kwanza ikavuta nyingine.

Na kama unaishi Mukuru au Kibera na nyumba sio yako, usingoje lendilodi. Mawe na tairi juu ya bati hayatoshi, umeona ile hesabu ya kilo, na jiwe likianguka kutoka juu linaua mtu. Bora waya ngumu ipite juu ya paa kutoka upande mmoja hadi mwingine, ifungwe kwa nguzo zilizochimbiwa chini sana, ukisaidiana na majirani wa safu yenu inakuwa kazi ya Jumamosi moja. Upepo ukianza funga madirisha na milango yote. Kuna watu wanasema fungua dirisha la upande mwingine hewa itoke, hiyo ni imani ya zamani hata Marekani na si kweli, unaukaribisha tu ndani. Na bati likishaenda usilifuate nje usiku, waya za stima zinakuwa zimelala chini na hazionekani.

Paa likishapanda bado lina kazi mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya mvua ndefu na Septemba kabla ya vuli. Mtu apande aangalie raba za misumari kama zimepasuka na jua, kutu iliyozunguka mashimo, msumari uliojiinua hata kidogo kama nusu sentimita. Usiupige nyundo urudi shimo lile lile, ng'oa, weka skrubu nene zaidi pembeni kidogo, ziba lile la zamani.

Jambo la mwisho ni pesa. Bakisha sehemu ya malipo ya fundi mpaka upande ngazi mwenyewe, au utume mtu unayemwamini, kabla silingi haijapigwa. Mimi nilipanda na tochi, nikaingia ndani ya kenchi nikahesabu hupaini moja baada ya nyingine, zilipaswa kuwa 22, nikapata 19. Nikashuka nikamwonyesha fundi zile tatu, akazifunga jioni hiyo hiyo, na hapo ndipo shangazi akamalizia kumlipa.